Je, Dawa ya Tezi ya Shingo Imekukataa?

Hapa hospitalini tunalisikia mara nyingi neno hili: "Sista, dawa hii imenikataa." Mgonjwa mmoja akisema hivyo ana maana kwamba moyo unakwenda mbio. Mwingine ana maana kwamba nywele zinatoka. Mwingine tumbo linajaa, na mwingine mwili unamwasha. Wote wanatumia neno moja, lakini mambo yanayowapata si mamoja, wala tiba yake si moja. Tena wengi wanapokuja kutuambia, dawa wamekwisha kuiacha wiki nyingi zilizopita.

Zipo dawa ambazo mtu akiziacha hapati hasara kubwa. Dawa ya homoni ya tezi ya shingo si mojawapo. Kuiacha moja kwa moja kunaweza kumrudisha mgonjwa kitandani, na hata kumwua. Kwa hiyo somo letu la mwezi huu linauliza: mtu anayesema dawa ya tezi imemkataa, amepatwa na nini hasa, na afanye nini?

TEZI HII NA DAWA YAKE

Mbele ya shingo, chini kidogo ya kikoromeo, kuna tezi yenye umbo kama la kipepeo. Kazi yake ni kutengeneza homoni, yaani maji maji yanayoingia katika damu na kuuambia mwili uende kwa kasi gani. Moyo, utumbo, akili, ngozi, hedhi ya mwanamke na ukuaji wa mtoto, vyote vinaitegemea homoni hiyo. Ili kuitengeneza, tezi inahitaji madini joto, ambayo tunayapata katika chumvi iliyotiwa madini hayo.

Homoni ikipungua, mwili unakwenda polepole. Mtu anachoka bila sababu, anasikia baridi wakati wenzake wanatoka jasho, anapata choo kigumu, ngozi inakauka, uso unavimba, sauti inakuwa nzito, anasahau sahau, na uzito unaongezeka ingawa hali sana. Mtoto mchanga asiyekuwa na homoni hii hudumaa mwili na akili.

Dawa yake ni vidonge vyenye homoni ile ile. Kwenye pakiti utaona limeandikwa jina Levothyroxine, au jina la kiwanda kama Eltroxin au Euthyrox. Sisi katika somo hili tutaiita thairoksini. Kwa kawaida hutumiwa na mtu ambaye tezi yake imechoka, au aliyepasuliwa shingo na kuondolewa tezi, au aliyezaliwa bila tezi nzuri. Wengi wao watameza vidonge maisha yao yote.

Tiba hii ilianza mwaka 1891 huko Newcastle, Uingereza. Daktari George Murray alimpa mama mmoja mgonjwa maji yaliyotolewa katika tezi za kondoo. Mama yule alikuwa katika hali mbaya, lakini aliendelea kuishi miaka mingine 28. Mwaka 1914 Edward Kendall wa Marekani aliweza kuitenga homoni yenyewe peke yake, na baadaye wataalamu wakajua kuitengeneza kiwandani. Jambo hili tulishike, kwa sababu linahusu somo letu: thairoksini ya leo haina nyama ya kondoo wala ya nguruwe. Ni sawasawa na ile ambayo tezi yako ingeitengeneza.

ROVU SI UGONJWA MMOJA

Wazee wa Unyanyembe wanajua kwamba chumvi ya Uvinza ilibebwa na misafara kuja huku kwetu miaka mingi kabla ya reli. Ilikuwa mali ya thamani. Lakini chumvi ya aina yoyote isiyotiwa madini joto haitoshi kulinda shingo. Ndiyo sababu katika mikoa kama Kigoma, Rukwa, Mbeya na Iringa watu wengi zamani walikuwa na rovu, yaani uvimbe wa shingo ambao wengine huuita goita.

Kuanzia mwaka 1986 Serikali, kwa kazi ya Taasisi ya Chakula na Lishe, iligawa vidonge vya mafuta yenye madini joto katika wilaya 27 zilizoathirika zaidi. Katikati ya miaka ya 1990 ikawa ni sheria kwamba chumvi ya kula itiwe madini joto. Uchunguzi wa mwaka 2004 ulionyesha kwamba kaya zaidi ya 80 katika kila 100 nchini zilikuwa na chumvi yenye madini hayo, na kwamba watoto wa shule wenye rovu walikuwa karibu 7 katika kila 100. Hayo ni mafanikio makubwa.

Hata hivyo watu wenye rovu bado wapo, na baadhi yao wamepasuliwa. Na hapa pana onyo la kwanza. Rovu si ugonjwa mmoja. Kuna rovu la homoni pungufu, kuna rovu ambalo homoni yake ni ya kawaida, na kuna rovu la homoni nyingi mno. Katika miaka ya 1990, chumvi yenye madini joto ilipofika kwa watu walioyakosa kwa miaka mingi, huko Zimbabwe na huko Kivu wapo wenye rovu la siku nyingi ambao tezi zao zilianza kutoa homoni kupita kiasi. Mtu wa namna hiyo akipewa thairoksini ya jirani kwa sababu "shingo zetu zinafanana", ni kama kumwaga mafuta ya taa katika moto. Usimpe mtu vidonge vyako. Usimeze vya mwenzako.

MZIO WA KWELI NI NADRA, LAKINI UPO

Mzio, au aleji kama wengi tunavyosema, ni mwili kukipiga vita kitu ambacho umekiona kuwa adui. Sasa thairoksini si mgeni mwilini. Hata aliyepungukiwa, kwa kawaida mwili wake umewahi kuifahamu. Kwa hiyo mzio dhidi ya homoni yenyewe ni jambo la nadra sana.

Lakini kidonge si homoni peke yake. Homoni iliyomo ni kidogo kiasi kwamba ungeiweka mkononi usingeiona. Kiwanda huichanganya na vitu vingine ili kidonge kishikane na kionekane: wanga wa mahindi, sukari ya maziwa iitwayo laktosi, gundi ya mti, na rangi. Viwanda vingi hutia kila ukubwa wa kidonge rangi yake. Mtu anaweza kuwa na mzio wa rangi au wa gundi, na lawama ikaiangukia homoni.

Dalili za mzio ni hizi: mabaka yaliyoinuka na kuwasha, vipele vya ghafla mwili mzima, midomo au kope au ulimi kuvimba, kifua kubana na kupiga filimbi, kizunguzungu na kuzimia. Kwa kawaida huanza dakika chache au saa chache baada ya kumeza.

Ukipata uvimbe wa midomo, ulimi au koo, au ukishindwa kupumua, usimeze tena kidonge hicho na usingoje kesho. Nenda mara moja katika zahanati au kituo cha afya kilicho karibu, upate sindano na uangalizi. Nenda na pakiti ya dawa.

Mwenye mabaka ya kuwasha tu naye aje asichelewe. Mara nyingi njia ni kubadili kidonge, si kuacha tiba. Kwa viwanda vingi kidonge cha mikrogramu 50 ni cheupe, hakina rangi, hivyo daktari anaweza kuagiza vidonge vyeupe tu na kuvihesabu mpaka vitoshe kipimo chako. Kukiwa na shaka juu ya gundi au laktosi, hutafutwa kidonge cha kiwanda kingine.

Tutofautishe pia mzio na tumbo lisilopatana na maziwa. Watu wengi wazima wa Afrika wakinywa maziwa mabichi tumbo hujaa gesi na kuharisha. Huo si mzio, ni upungufu wa kimeng'enya cha kusaga laktosi. Laktosi iliyo katika kidonge kimoja ni kidogo, na wengi hawaisikii. Wachache huisikia. Waseme, wasaidiwe.

MADHARA YA DAWA KUZIDI

Hili ndilo tunaloliona zaidi kuliko mzio. Homoni ikizidi, mwili unakimbia: moyo unapiga mbio au kuruka ruka, mikono inatetemeka, jasho linatoka, usingizi unakosekana, tumbo linaharisha, uzito unapungua, mtu anakuwa na hasira za haraka. Mzee anaweza kupata maumivu ya kifua. Ikiendelea miaka mingi, mifupa hudhoofika, hasa kwa akina mama waliokoma hedhi, na moyo unaweza kupoteza mpigo wake wa kawaida.

Dawa huzidi kwa njia gani? Ya kwanza ni kuanzishwa na kipimo kikubwa kwa haraka. Mtu mzima wa kilo 60 ambaye tezi yake haifanyi kazi kabisa huhitaji karibu mikrogramu 100 kwa siku. Lakini mzee, au mwenye ugonjwa wa moyo, huanza na 25 au hata chini yake, kisha huongezwa polepole kila baada ya wiki 4 hadi 6. Moyo uliozoea kwenda polepole kwa miaka mingi haupendi kushtuliwa.

Njia ya pili ni kuchanganya ukubwa wa vidonge. Hii iwekeeni alama. Vipo vidonge vya mikrogramu 25, vya 50 na vya 100. Tuchukue mfano wa mama aliyezoea kumeza vidonge 2 vya 25, jumla 50. Siku moja duka la dawa limeishiwa, anauziwa vya 100. Hakuna aliyemwambia kitu, naye anaendelea na vidonge 2. Sasa anameza 200, yaani mara nne. Baada ya wiki mbili tatu moyo unamwenda mbio, hapati usingizi, naye anasema dawa imemkataa. Dawa haikumkataa. Kipimo ndicho kilichobadilika. Kwa hiyo usikariri idadi ya vidonge peke yake. Kariri jumla ya mikrogramu, na kila unapopokea pakiti mpya soma namba iliyoandikwa. Asiyejua kusoma amwombe mtoto wa shule amsomee.

Njia ya tatu ni kumeza zaidi kwa makusudi ili kupunguza unene. Wapo wasiokuwa na ugonjwa wowote wa tezi wanaofanya hivyo. Ni hatari kubwa kwa moyo. Dawa hii si ya kupunguza mwili.

DAWA ISIYOFIKA DAMUNI

Mwingine husema dawa imemkataa kwa sababu anameza na bado amechoka, choo kigumu, baridi ile ile. Hapa mara nyingi dawa inaishia tumboni.

Thairoksini hupenda tumbo tupu. Imezwe asubuhi kwa maji matupu, nusu saa hadi saa moja kabla ya kula au kunywa chai. Ukimeza pamoja na chai ya maziwa, kahawa, au uji wa lishe wenye soya, sehemu ya dawa hupotea. Vidonge vya kuongeza damu, vidonge vya kalsiamu na dawa za kutuliza kiungulia huishika thairoksini zisiachane nayo. Hivyo zipishane kwa saa 4: thairoksini alfajiri, dawa ya damu mchana au jioni. Akina mama wajawazito walifikirie sana jambo hili, maana kliniki huwapa vidonge vya damu kila mara.

Zipo pia dawa zinazoimaliza homoni mwilini upesi. Rifampisini ya kutibu kifua kikuu ni mojawapo. Nyingine ni dawa za kifafa kama fenobabitoni, fenitoini na karbamazepini. Mgonjwa wa tezi anayeanzishwa mojawapo ya hizi pengine atahitaji thairoksini zaidi, na atakapoimaliza dawa hiyo apunguziwe tena. Kila unapopewa dawa mpya, mwambie mtoa dawa kwamba unatumia dawa ya tezi.

Jambo jingine ni joto. Thairoksini huharibika kwa joto, mwanga na unyevu. Mwezi wa Oktoba chini ya bati huku Goweko hali ya hewa tunaijua wenyewe. Usiweke vidonge dirishani, juu ya kabati lililo karibu na bati, wala jikoni. Weka katika pakiti au chupa yake, ndani ya sanduku, katika chumba chenye ubaridi zaidi. Usivifunge katika kipande cha karatasi miezi mitatu. Vidonge vilivyobadilika rangi au vilivyopita tarehe usivitumie.

KUNA UGONJWA MWINGINE UMEJIFICHA

Sehemu hii ni fupi lakini ni nzito. Juu ya kila figo kuna tezi ndogo inayotoa homoni ya kuuwezesha mwili kustahimili shida. Kifua kikuu kinaweza kuziharibu tezi hizo. Pia mama aliyetokwa damu nyingi sana wakati wa kujifungua anaweza kupata madhara katika tezi iliyo chini ya ubongo, ile inayozitawala tezi nyingine zote. Mama huyo maziwa hayatoki, hedhi hairudi, naye anazidi kuchoka mwaka hadi mwaka.

Watu wa namna hii wakipewa thairoksini kabla ya kutibiwa upungufu ule mwingine, wanaweza kuanguka vibaya: kutapika, presha kushuka, kizunguzungu wakisimama, nguvu kuisha kabisa. Mgonjwa ataona kweli dawa ilikuwa sumu, kumbe ilitangulia kabla ya wakati wake. Kwa hiyo ukianzishiwa dawa hii, mweleze daktari kama umewahi kuugua kifua kikuu, kama ngozi na fizi zako zimezidi kuwa nyeusi pamoja na kukonda, au kama ulipoteza damu nyingi kwenye uzazi. Usione haya. Daktari hawezi kuyajua asipoambiwa.

Mwenye kisukari naye apime sukari mara kwa mara zaidi anapoanza, kwa kuwa huenda dawa yake ya sukari ikahitaji kuongezwa. Anayetumia wafarini ya kuzuia damu kuganda lazima aangaliwe, maana nguvu ya wafarini huongezeka.

Na nywele? Miezi ya kwanza ya tiba wengine nywele hutoka. Kwa kawaida jambo hili hupita lenyewe. Kumbuka pia kwamba ugonjwa wenyewe wa tezi hutoa nywele.

KIWANDA KINAPOBADILISHA KIDONGE

Mwaka 2007 huko New Zealand vidonge vya Eltroxin vilibadilishwa vitu vya kuchanganyia. Homoni ilibaki ile ile. Malalamiko yakawa mengi ajabu kuliko miaka yote iliyotangulia. Mwaka 2017 jambo kama hilo likatokea Ufaransa: kidonge cha Levothyrox kilitolewa laktosi, kikatiwa vitu vingine, na maelfu ya wagonjwa wakalalamikia uchovu, kichwa kuuma, misuli kukaza na nywele kutoka. Ilibidi mwezi wa Oktoba mwaka huo kidonge cha zamani kirudishwe kwa muda kwa waliokihitaji.

Tunajifunza nini? Kwamba mgonjwa anayelalamika asidharauliwe, na asiambiwe kwamba anajiwazia tu. Homoni inaweza kuwa ile ile, lakini namna inavyoingia damuni ikabadilika kidogo, na kwa dawa hii kidogo ni kingi. Tena mtu asipoelezwa habari za mabadiliko, hofu nayo huongeza maumivu. Kwetu sisi, ambako leo unapata dawa ya kiwanda hiki na kesho ya kile, kanuni ni moja: ukibadilishiwa kiwanda, endelea kumeza, andika tarehe, na upime damu baada ya wiki 6 hadi 8.

KWA NINI KUACHA DAWA KUNADANGANYA

Thairoksini hukaa mwilini muda mrefu. Ukiacha leo, baada ya siku 7 karibu nusu bado imo. Kwa hiyo anayeacha dawa haoni ubaya wowote wiki ya kwanza. Kama kipimo chake kilikuwa kimezidi, ataona hata nafuu: moyo umetulia, usingizi umerudi. Atawaambia majirani, "Mnaona? Ile dawa ndiyo ilikuwa inaniua." Lakini kufikia wiki ya nne hadi ya sita akiba imekwisha. Uchovu unarudi polepole, uso unavimba, mwili unapoa, na wakati huo hakuna anayekumbuka kuuhusisha na vidonge vilivyoachwa. Wengine hufikiri ni malaria, wengine ni uzee, wengine humtafuta mchawi. Mtu akiachwa hivyo, hasa mzee anayepata nimonia au baridi kali, anaweza kupoteza fahamu na kufa.

Ukweli huo huo una faraja yake. Kwa kuwa dawa hukaa mwilini, mtu aliyepata mzio au mapigo ya moyo anaweza kusimamisha siku chache, akiwa njiani kwenda hospitali, bila kuanguka. Anayetoka Goweko, Nyahua au Malongwe na kungoja treni ya kwenda Tabora asiogope kwa siku hizo mbili tatu. Kusimamisha siku chache ukiwa na safari ya hospitali ni jambo moja. Kuacha na kukaa nyumbani ni jambo jingine.

UKIONA DAWA INAKUSUMBUA, FANYA HIVI

1. Uvimbe wa midomo, ulimi au koo, pumzi kubana, kuzimia, maumivu ya kifua: usimeze kingine, nenda kituo cha karibu sasa hivi.

2. Moyo kwenda mbio, kutetemeka, kukosa usingizi: angalia kwanza namba iliyo kwenye pakiti na uhesabu mikrogramu unazomeza. Kisha njoo ndani ya siku chache. Usijipunguzie mwenyewe ukakaa kimya.

3. Bado uchovu na baridi: jiulize unameza na nini, saa ngapi, na vidonge unaviweka wapi. Rekebisha hayo, kisha omba kupimwa.

4. Kipimo cha damu kinachoonyesha kama dawa inatosha huitwa TSH. TSH ikiwa juu, kwa kawaida dawa ni pungufu. Ikiwa chini mno, dawa imezidi. Kipimo hiki hakipatikani katika kila zahanati. Hospitali kubwa kama Bugando ya Mwanza hukifanya, nawe ulizia kwanza kwa mganga wako njia ya karibu. Usipime mapema kuliko wiki 6 baada ya kubadili kipimo, maana jibu litakuwa halijatulia.

5. Mwombe mtumishi wa afya ajaze fomu ya taarifa ya madhara ya dawa inayopelekwa Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, ambayo kabla ya mwaka 2019 tuliijua kama TFDA. Taarifa ya mtu mmoja wa kijijini inaweza kuokoa wengine kama pakiti hiyo ina kasoro.

6. Weka daftari dogo: jina la dawa, mikrogramu, kiwanda, tarehe ya kuanza, tarehe ya shida. Daftari hilo linasaidia kuliko maelezo ya saa nzima.

MASWALI TUNAYOULIZWA MARA KWA MARA

Nimeze dawa Jumapili kabla ya Misa na kupokea Komunyo? Ndiyo. Maji na dawa havivunji mfungo wa Ekaristi. Ratiba ya vidonge isivunjwe kwa ajili hiyo.

Jirani yangu Mwislamu afanyeje mwezi wa Ramadhani? Azungumze na daktari wake mapema. Wengi hupangiwa kumeza usiku, saa kadhaa baada ya kufuturu, au kabla ya daku wakiacha nafasi kabla ya kula.

Nimepata mimba, niache? Hapana kabisa. Mtoto aliye tumboni anaitegemea homoni ya mama, hasa miezi ya mwanzo, kwa ajili ya ubongo wake. Mara nyingi kipimo huongezwa kwa karibu theluthi moja. Fika kliniki mara tu unapojua. Anayenyonyesha pia aendelee.

Mtoto mchanga anamezaje? Kidonge husagwa na kuchanganywa na maji kidogo au maziwa ya mama katika kijiko, apewe papo hapo. Usichanganye katika uji wala maziwa ya soya, wala usitengeneze ya kesho.

Nilisahau kumeza leo asubuhi. Meza ukikumbuka siku hiyo hiyo, tumbo likiwa tupu. Ukikumbuka kesho yake, endelea na cha siku hiyo, na ueleze kama unasahau mara kwa mara.

Nimepewa karbimazoli. Je, ni dawa ile ile? Hapana, ni kinyume chake, hupunguza homoni. Nayo ina hatari yake: ukipata homa na koo kuuma ukiwa unaitumia, isimamishe na uje hospitali siku hiyo hiyo upimwe damu.

YA KUKUMBUKA

Mzio wa kweli wa thairoksini ni nadra, na mara nyingi ni wa rangi au vitu vingine vya kidonge. Sababu za kawaida za "kukataliwa" ni kipimo kuzidi, kipimo kupungua, kumeza vibaya, au ugonjwa mwingine uliojificha. Zote zina tiba, na si moja kati ya hizo inayotibiwa kwa kuacha dawa na kukaa kimya.

Ya kujadiliana nyumbani:

1. Katika familia yetu, ni nani anayetumia dawa ya tezi, na nani mwingine anajua kipimo chake?

2. Vidonge vyake vinakaa wapi mwezi wa joto?

3. Chumvi tunayotumia jikoni ina alama ya madini joto, na tunaifunika?

4. Akisema dawa imemkataa, ni nani atakayemsindikiza hospitali, na nauli itatoka wapi?

Swali la nne lijibiwe kabla shida haijaja.